Kiegemeo cha mshale: usikinunue mwisho

Upinde wa babu yangu kule Kitui haukuwa na kiegemeo. Mshale ulilala juu ya ngumi yake ya kushoto, na kwa miaka mingi ya kukwaruzwa na manyoya, pale penye ngozi pakaota sugu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo mimi alinifundisha kulenga kichuguu tu. Leo naishi Minnesota, Marekani. Msimu wa upinde hufunguliwa katikati ya Septemba, nami huingia msituni na kibali changu kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Kazi ya ngumi ya babu sasa inafanywa na kidude cha chuma kinachoenea kiganjani. Wenzangu wanaoniomba niwasindikize dukani humaliza pesa kwenye upinde, halafu kiegemeo wanachukua chochote kilicho rahisi. Nawasihi msifanye hivyo.

Upinde wenyewe, huu wa kisasa wa magurudumu na kebo, uchague kwa mwili wako. Nyoosha mikono pande zote mbili, mtu akupime kwa inchi toka ncha ya kidole cha kati hadi ya pili, kisha gawanya kwa 2.5. Mimi nina 70, napata 28, na huo ndio urefu wangu wa kuvuta, yaani ninavyoweza kuuvuta ugwe. Ukichukua upinde wenye urefu wa kuvuta unaozidi kipimo chako, ugwe utakuchapa kigasha hadi uvimbe. Kuhusu uzito wa kuvuta, yaani nguvu ya kuuvuta ugwe, sheria ya hapa inataka usipungue pauni 30 kwa kulungu. Mimi navuta 55. Jipime hivi: keti kitini, elekea shabaha, pachika mshale, kisha vuta taratibu bila kuinua upinde juu. Ukilazimika kujinyonganyonga, punguza pauni. Ukishakaa kwa muda wa saa tatu juu ya dungu mwezi wa Novemba, misuli haitakuwa ile ya Julai. Na usiuachie ugwe upinde ukiwa hauna mshale, hata mara moja, maana unaweza kupasuka mikononi mwako.

Mishale inunuliwe kwa ugumu wake. Namba ya ugumu iliyoandikwa kwenye mshale ikipungua, mshale ni mgumu zaidi. Kwa pauni 55 na inchi 28, namba 400 inanitosha, na kigumba, yaani ncha ya chuma, chenye uzito wa greni 100 mbele.

Sasa kiegemeo. Cha kwanza nilichouziwa kilikuwa cha pembe mbili, kama uma mdogo, mshale unakaa katikati. Kwenye uwanja wa mazoezi hakina shida. Lakini Novemba ile kulungu jike alisimama hatua ishirini kutoka kwangu, nikaanza kuvuta huku mkono unatetemeka kwa baridi, mshale ukateleza na kugonga mwili wa upinde. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama kijiko kikigusa kikombe. Akainua kichwa, akapiga kwato chini mara moja, mkia mweupe ukasimama, akaenda zake. Tangu siku hiyo sitaki kiegemeo kisichoushika mshale pande zote.

Anayeanza namshauri anunue cha brashi: pete iliyojaa nywele ngumu, mshale unapenya katikati na hautoki hata ukiinamisha upinde. Hakina kinachosogea, kwa hiyo hakuna cha kuharibika. Kasi hupungua kidogo kwa sababu manyoya hupita ndani ya brashi, na mvua ikigandia humo, nywele hukakamaa. Ndiyo maana mimi nimehamia cha kuanguka. Kamba nyembamba inakiunganisha na kebo ya upinde. Ukivuta kinainuka, ukiachia kinalala chini na manyoya yanapita bila kugusa kitu.

Kukifunga, bana upinde mezani ukiwa wima kabisa. Mshale uliopachikwa upite katikati ya tundu la skrubu linaloshikilia kiegemeo, na ufanye pembe ya nyuzi 90 na ugwe. Kutoka ukuta wa upinde, ule ubavu unaotazamana na mshale, hadi katikati ya mshale, anzia milimita 20 au 21. Kamba ya cha kuanguka ifungwe hivi kwamba kiegemeo kinafika juu kabisa zikiwa zimebaki inchi moja au mbili umalize kuvuta. Kikiwahi sana kuinuka, kitachelewa pia kulala, na manyoya yatakigonga. Kuhakikisha, pulizia poda ya miguu kwenye kiegemeo na eneo linalokizunguka, tupa mshale mmoja, uangalie poda imefutika wapi. Bandika kitambaa laini popote chuma kinapoweza kukutana na mshale.

Kisha karatasi, ikuonyeshe kama mshale unaruka ukiwa umenyooka. Iwambe kwenye fremu, simama kama mita 2 mbele yake, shabaha nene ikiwa nyuma, utupe. Tundu likiwa duara lenye michirizi ya manyoya, umepatia. Kama mkia umechana juu ya ncha, inua kiegemeo kidogo. Kama umechana kando, usikimbilie skrubu. Angalia kwanza mkono wako wa upinde: ukiufumbata kwa nguvu unausokota. Legeza vidole, tupa tena mara tatu. Mchano ukibaki palepale ndipo usogeze kiegemeo, nusu milimita kwa mara moja, urudi kwenye karatasi.

Malizia kwa vigumba vya kuwindia vyenyewe kwenye shabaha inayovihimili, maana makali yake hukamata upepo na kufichua kosa ambalo ncha za mazoezi zililificha. Vikitua pamoja na zile za mazoezi kwa yadi 20, chukua kalamu ya rangi nyeupe, chora mstari mmoja unaovuka kila skrubu na chuma inachokaza, na mwingine pale kamba inapobanwa na kebo. Alfajiri, kabla sijapanda dungu, naimulika mistari hiyo kwa tochi. Ukiwa umekatika hata mmoja, siku hiyo siwindi.