Samaki wakipanda juu alfajiri

Kama una tangi la samaki lenye mimea, siku moja amka saa kumi na moja alfajiri, usiwashe taa, ulimulike ubavuni kwa tochi ya simu. Saa hiyo ndiyo oksijeni huwa imepungua kuliko saa nyingine yoyote. Ukikuta samaki wametulia katikati au chini, mashavu yanafunguka polepole, rudi ulale. Ukiwakuta wamejipanga juu, midomo imegusa uso wa maji, mashavu yanapiga mbiombio, una kazi. Beta na gurami tu ndio usiwahesabu, hao wameumbwa kuchota hewa juu hata maji yakiwa mazima.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Tangi langu liko sebuleni, Mbagala, urefu sentimita 75, upana 30, kimo 40, yaani lita 90. Mimea imejaa hadi wageni huuliza samaki wenyewe wako wapi. Niliamini kwamba palipo na majani mengi hewa haiishi. Basi mama mkwe alipokuja kututembelea, chumba alichopewa kikiwa ukuta mmoja na tangi, nikazima kila kitu usiku ili asisumbuliwe na mngurumo. Asubuhi nikaopoa gapi tisa, wale samaki wadogo wa rangi rangi, wamekufa. Mimea ilikuwa imependeza ajabu.

Nilisahau kwamba mmea hutengeneza oksijeni kukiwa na mwanga tu. Giza likiingia kiwanda kinafungwa, lakini mmea wenyewe unaendelea kupumua kama samaki. Bakteria wa kwenye changarawe nao wanapumua. Wote wanakula akiba ya mchana, na kadiri bustani inavyokuwa nene ndivyo walaji wa usiku wanavyozidi. Joto la Dar nalo halisaidii: maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu, na maji yakipata joto samaki huhitaji hewa zaidi.

Usiku, oksijeni huingia kupitia uso wa maji. Viputo vya jiwe la hewa, lile linalofungwa kwenye ncha ya mpira wa pampu, vinapendeza macho, lakini vinapita haraka mno kuacha kitu cha maana njiani. Faida yao kubwa ni kupandisha maji ya chini na kuutikisa uso. Kwa hiyo anza na filta uliyonayo. Inua mdomo wake wa kutolea maji mpaka uso wote utetemeke, usifike kurusha matone. Mimi sitazami juu, natazama changarawe: taa ikiwaka, vivuli vya viwimbi vicheze chini mpaka kwenye kona ya mbali. Kona ikitulia kama kioo, nageuza mdomo kidogo kuelekea huko.

Halafu tafuta utando. Ni ule ung'avu kama wa mafuta unaotanda juu, unatokana na chakula kilichozidi na majani yanayooza, nao unazuia hewa kupita. Laza karatasi ya tishu ya jikoni juu ya maji, hesabu hadi tatu, inyanyue kwa pembe moja. Rudia na nyingine. Utando ukirudi kila siku, punguza chakula.

Mimea inayoelea iache nusu ya uso wazi. Yangu ilikuwa imefunika wote, na aliyeona gugumaji lilivyotanda Ziwa Victoria anajua maji ya chini yake yanavyokuwa. Kosa langu la tatu lilikuwa chupa ya soda yenye sukari na hamira, ile ya kulisha mimea hewa ukaa. Hamira haijui usiku wala mchana, inatoa tu. Kama unaitumia, chomoa mpira wake majini taa zikizimika, uuache wazi, usizibe chupa ikapasuka.

Pampu ya hewa nimeiweka kwenye taima. Taa zinawaka saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Zikizimika tu, pampu inaanza, inakesha mpaka saa nne. Mchana naipumzisha, kwa sababu kutikisa sana kunafukuza hewa ukaa ambayo mimea inaitaka. Pampu ikae juu kuliko maji. Ukiiweka chini ya meza, siku umeme ukikatika maji yatarudi kwa kunyonywa kwenye mpira, yaingie kwenye pampu na sakafuni. Kama huna pa kuiweka juu, nunua ile vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi, ukate mpira uipachike katikati.

Umeme ukikatika usiku, pampu ndogo ya kuchaji au ya kuchomeka kwenye pawa benki inatosha. Huna? Chukua kopo, chota maji ya tangi, yamimine humo humo kutoka kimo cha shibiri mbili, mara ishirini, kila nusu saa. Inachosha, lakini inaokoa. Usiwalishe mpaka umeme urudi. Na kama filta imelala saa nyingi, suuza sponji yake kwenye ndoo ya maji ya tangi kabla ya kuiwasha, usije ukawamwagia uchafu uliooza.

Kuhusu mngurumo, nilikuja kugundua kwamba mbao ya kabati ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele. Nimekata kipande cha sponji la godoro, nikaketisha pampu juu yake. Mama mkwe alirudi Ramadhani na hakulalamika. Tena kila akiamka kula daku alikuwa anapita na tochi yake kwenye tangi, ananiambia, "Baba, watoto wako wako chini."