Namna ya kuchagua kitako cha kurekebishika kwa bunduki ya shabaha

Mlenga shabaha wa Marekani anayetaka kuibadilishia bunduki yake ya AR-15 kitako aanze kwa kupima bomba la nyuma kinapopachikwa, kwa kuwa yale mafupi yapo ya vipenyo viwili, milimita 29.2 kwa kipimo cha kijeshi na 29.7 kwa cha kibiashara, na tofauti hiyo ya nusu milimita inatosha kukifanya kitako kichezecheze au kikatae kuingia kabisa. Kitako cha Magpul PRS GEN3, chenye uzito wa karibu gramu 800, kimekusudiwa bomba refu; uzito huo nauona ni faida kwa anayepiga akiwa amelala, ila ni mzigo kwa anayetembea na bunduki.

Linalohitaji subira zaidi ni kimo cha egemeo la shavu. Hakikisha chemba haina risasi, lala, fumba macho, weka shavu mahali linapotulia lenyewe bila kukaza shingo, kisha fumbua: ukiona ukingo mweusi upande wa juu au wa chini wa darubini, pandisha au shusha egemeo kidogo kidogo hadi duara lote ling'ae. Urefu wa kitako urekebishwe kabla ya hapo, ukiwa umevaa koti lile lile la kupigia.