Somo: Rudishia mlango, usiukomee (moto kwenye majengo marefu)

Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kukagua majengo marefu na kuendesha mazoezi ya kutoka nje moto ukitokea. Kuna kitu nakikuta karibu kila ninapokwenda: mlango wa ngazi za dharura umezuiwa na ndoo ya deki ili ukae wazi. Siku moja niliiondoa ndoo, nikaenda kuangalia pampu ya maji. Kurudi baada ya nusu saa, ndoo ipo palepale. Msafishaji akaniambia, "Kaka, mlango mzito huu, na mikono yangu ni miwili tu." Nilikosa jibu, maana kweli mkono mmoja ulikuwa na deki na wa pili mfuko wa taka.

Nianze na moshi, kwa sababu ndio unaoua wengi. Tarehe 21 Novemba 1980, katika hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, moto uliunguza hasa sehemu ya chini yenye kasino. Walikufa watu 85, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu, mbali kabisa na moto. Moshi uliwafuata kupitia mashimo ya lifti, ngazi na njia za hewa. Hewa ya moto ni nyepesi, ikipata tundu refu inapanda kama iko kwenye dohani. Ndani yake kuna kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mtu anachanganyikiwa na miguu inalegea kabla hajajua kama yuko hatarini.

Kinachoukata moshi huo njia ni mlango. Hapa lugha yetu inatuponza kidogo, kwa sababu "funga mlango" kwa wengine ni kutia ufunguo. Mimi nasema rudishia. Mwaka 1911, katika kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, mlango wa ngazi ulikuwa umekomewa kwa ufunguo, na watu 146 wakapoteza maisha. Mlango wa dharura unatakiwa uzuie moshi na hapohapo ufunguke kwa kusukuma tu.

HATUA YA 1: Fanya leo, kabla ya chochote
Toka mlangoni kwako uende hadi kwenye ngazi ukihesabu milango kwa kuigusa. Kwenye moshi hutaona kitu, mkono ndio utakaokuongoza. Kisha shuka mpaka chini kabisa. Usiishie ghorofa mbili ukasema umeelewa. Nimekuta ngazi nzuri, taa zinawaka, halafu mlango wa mwisho una mnyororo na kufuli. Angalia pia kama milango ya kila ghorofa inafunguka ukiwa upande wa ngazi, kwa sababu mingine ukishaingia haikurudishi ndani.

HATUA YA 2: Moto umeanza kwako
Toa watu, rudishia mlango wa chumba kinachoungua, rudishia na wa nyumba, bonyeza king'ora, pigia zimamoto simu. Mtungi wa kuzimia moto utumie kama moto bado ni wa kiasi cha ndoo ya taka na mlango wa kutokea uko nyuma yako. Vuta pini, elekeza kwenye shina la moto, minya, fagia kushoto na kulia. Mtungi mdogo unaisha kwa sekunde chache, kwa hiyo ukiona haupungui, ondoka. Mafuta yakiwaka kwenye sufuria, yafunike na uzime jiko. Usimwage maji.

HATUA YA 3: Moto uko kwingine na umeamua kutoka
Gusa mlango kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, usiufungue. Ukiwa wa baridi, chuchumaa, ufungue kidogo, chungulia. Korido ikiwa safi, toka, chukua ufunguo, rudishia mlango nyuma yako. Ufunguo ni wa nini? Huenda ukakuta ngazi zimejaa moshi ukalazimika kurudi, na kusimama nje ya mlango wako mwenyewe wakati huo ni balaa.

Lifti usiiguse. Umeme unaweza kukatika, shimo lake linavuta moshi, na inaweza kukufungulia mlango kwenye ghorofa inayoungua.

Kwenye ngazi shuka kwa upande mmoja, zimamoto wanapanda kwa upande wa pili wakiwa na mizigo. Moshi ukikutana nawe chini, usijitie ujasiri wa kuupita. Rudi, tafuta ngazi nyingine au ghorofa yenye hewa safi. Na paa? Katika jengo la Joelma, São Paulo, tarehe 1 Februari 1974, moto ulianzia kwenye kiyoyozi ghorofa ya 12, na jengo zima lilikuwa na ngazi za sehemu moja tu. Wengi walikimbilia juu wakisubiri helikopta. Joto na moshi vikazizuia kutua.

HATUA YA 4: Umekwama
Ingia chumba chenye dirisha, rudishia kila mlango ulio kati yako na moto, ziba upenyo wa chini kwa nguo iliyoloa. Piga simu utaje ghorofa na namba ya chumba, kisha punga kitambaa au tochi dirishani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, wengine wanasema ubaki ndani kama moto hauko kwako. Tushike lipi?
Jibu: Inategemea jengo, ndiyo maana uulize uongozi mapema. Kubaki ndani kunafaa pale ambapo kila nyumba imejengwa kama sanduku linalouzuia moto. Grenfell Tower, London, tarehe 14 Juni 2017, moto ulianzia kwenye friji ghorofa ya 4, ukapanda kwa nje kupitia vibao vya ukutani vilivyoshika moto, na sanduku halikuwa sanduku tena. Simu ya kwanza ilipigwa saa 6:54 usiku, agizo la kubaki ndani likafutwa saa 8:47. Walikufa watu 72. Kwa hiyo ukiona moshi unaingia kwako na ngazi bado zinapitika, ondoka.

Swali: Sprinkla (vile vichwa vya darini vya kumwaga maji moto ukitokea), moja ikifunguka, zote zinamwaga maji?
Jibu: Hapana dada, hiyo ni ya kwenye sinema. Nyingi zina kichupa cha kioo chenye kimiminika, na aina ya kawaida hupasuka kwenye nyuzi 68 hivi. Inafunguka ile iliyopata joto tu.

Swali: Baba yangu anatumia kiti cha magurudumu, tuko ghorofa ya 11. Nimbebe?
Jibu: Usisubiri siku ya moto ndipo ufikirie hilo. Uongozi wajue jina lake na chumba chake. Uliza kama kuna kiti maalumu cha kushushia mtu kwenye ngazi, na mfanye nacho mazoezi, kwa sababu kukiendesha bila kukizoea ni kazi. Uliza pia sehemu ya kungojea iliyo nyuma ya mlango unaozuia moto, ambako zimamoto watamfuata. Wao wanaweza kutumia lifti yao maalumu kama jengo linayo.

Swali: King'ora chetu kinalia ovyo kila wiki. Tumezoea.
Jibu: Andikeni malalamiko kwa maandishi mpaka kitengenezwe. Kikilia, tokeni.

Swali: Mlango wetu unajifunga kwa kishindo, mtoto halali. Fundi ameshang'oa kile chuma cha juu kinachourudishia. Kuna ubaya?
Jibu: Mrudishe leo hii akirudishe! Chuma hicho kina skrubu za kupunguza kasi, ni kazi ya bisibisi dakika tano. Na yule msafishaji wa ndoo tulimwekea sumaku ukutani. Inaushika mlango ukiwa wazi, king'ora kikilia umeme wa sumaku unakatika na mlango unajirudishia wenyewe. Ndoo sasa anaitumia kupigia deki.