Vumbi la makala (mkaa) lisitupwe: tengeneza vitonge vya kupikia

Chini ya kila gunia la makala pale soko la Virunga, Goma, hubaki vumbi ambalo wauzaji wengi hulifagia tu na kulimwaga. Liombe kabla halijaguswa na ufagio, maana udongo wa Goma ni volkano: mchanga wake ni mweusi kama makala yenyewe, hauwaki, na unaacha jivu tele. Ukiwa na shaka, tia kiganja kimoja kwenye bakuli la maji ukoroge. Makala mengi yataelea, mchanga utazama.

Chekecha vumbi. Kwa kilo 10, chukua kilo 1 ya unga wa muhogo, ule wa fufu. Ukoroge kwanza kwa maji baridi usifanye madonge, kisha mimina kwenye lita 5 hivi za maji yanayochemka, upike mpaka uji uwe mzito na wa kung'aa. Hapa ndipo wengi wanaharibu: unga mbichi haugandishi kitu. Unga ukizidi nao, ni moshi.

Changanya uji ukiwa vuguvugu, ukiongeza maji kidogo kidogo. Finya konzi moja: ishikane bila kudondosha maji. Shindilia kwenye kopo lililo wazi pande zote mbili, sukuma nje, toboa tundu katikati.

Anika kivulini siku ya kwanza (jua kali la ghafla hupasua), halafu juani siku tatu mpaka tano. Vunja kimoja, kati pakiwa na unyevu, bado. Mbabula (jiko la makala) iwashwe nje, hewa yake ni sumu kama ya makala ya kawaida.