Mkokoteni kwanza, beleshi baadaye

Mnaoanzisha klabu ya kujitolea hapa Kisumu, najua kazi ya kwanza itakuwa kuzibua mitaro. Kila klabu huanza hapo, hasa Februari, kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei. Basi kabla hamjanunua fulana, tafuteni mwenye mkokoteni na mpatane bei.

Tope likitolewa mtaroni hurundikwa ukingoni, watu wakapiga picha, wakaenda nyumbani. Mvua moja tu ikinyesha usiku, lote linarudi lilikotoka, na wenyeji wa Nyalenda au Manyatta wanabaki na mtaro uleule.

Lipakieni tope siku hiyohiyo. Magunia ya mahindi yanafaa, ila yajazwe nusu. Tope bichi ni zito kuliko mahindi, na gunia likijaa hata vijana wanne watalitazama tu. Anzeni upande wa chini, maji yanakoelekea, mpande juu polepole. Mkianzia juu, maji yatawashushia uchafu kwenye sehemu iliyoziba na mtafanya kazi mkiwa mmezama.

Gambuti kwa kila anayeingia mtaroni, si kwa viongozi peke yao. Mle mna vioo, misumari, na maji yaliyosimama huku kwetu ziwani huweza kuwa na kichocho. Asiye na gambuti ashike gunia.

Na muulizeni mapema mzee wa mtaa tope litamwagwa wapi. Si kila uwanja mtupu hauna mwenyewe.