Patasi Ikikataa Skwea: Kuseti Mashine ya Kunolea ya Maji

Kijana mmoja aliniletea patasi ya milimita 25 kibandani kwangu hapa Barabara ya Ngong, analalamika kwamba kishikio cha mashine yake, kile kinachobana patasi inaponolewa, kimepinda. Ameinoa mara tatu, na mara zote makali yamelala kushoto, hayako skwea, yaani hayakai digrii 90 na mbavu. Nilikikagua kishikio, kizima kabisa. Jiwe ndilo lililolika upande mmoja, na patasi ilikuwa inaliiga tu.

Patasi huiga jiwe. Jiwe nalo linatakiwa liifuate fito, ile ya chuma laini iliyolala mbele yake ambayo kishikio huteleza juu yake. Jiwe likiachana na fito kwa nusu milimita tu katika upana wa hiyo patasi, makali yanapinda zaidi ya digrii moja. Hapo kiungo cha mkia wa njiwa, cha mbao zinazoumana pembeni, ndicho kitakachokusema mbele ya mteja.

Na usidhani utarekebisha kosa haraka. Grainda kavu kwa stima yetu huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Mashine ya maji yenye jiwe la milimita 250, kama Tormek T-8 ya Uswidi, huzunguka mara 90. Ndiyo maana chuma hakigeuki buluu wala kupoteza ugumu wake. Lakini ndiyo maana pia ukiseti vibaya utasimama hapo hadi chai ipoe.

Hatua ya 1: Maji. Jaza beseni, washa mashine, ngoja. Jiwe kavu hunywa sana, kwa hiyo ongeza maji hadi uso wake ubaki umelowa wote.

Hatua ya 2: Sawazisha jiwe. Hapa usiwe na haraka. Weka fito mahali utakaponolea, si kwingine. Mashine nyingi zina matundu ya fito juu na mbele, na ukisawazisha kwa tundu moja kisha unoe kwa jingine, huna uhakika tena. Pandisha kile kifaa chenye ncha ya almasi juu ya fito, shusha fito mpaka ncha iguse sehemu ya jiwe iliyoinuka zaidi, kaza, kisha pitisha polepole kutoka ukingo hadi ukingo. Shusha kidogo tu, rudia. Usikate kwa pupa, jiwe ni ghali. Sauti ndiyo itakayokuambia: mwanzoni inakatikakatika, jiwe likinyooka inakuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kuwa almasi imetembea juu ya fito ileile, jiwe sasa liko sambamba nayo.

Hatua ya 3: Ijue patasi yako. Sugua mgongo wake kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, karibu na makali tu panatosha. Kisha pima mbavu zake kwa skwea, kile kipimo cha pembe mraba. Patasi nyingi za zamani tunazookota Gikomba hupungua upana kuelekea mwisho mmoja, kwa hiyo skwea ikikubali ubavu wa kulia, wa kushoto itaukataa. Usihangaike. Ukiona mwanya kati ya skwea na makali ni uleule pande zote mbili, patasi iko skwea kwa mstari wake wa katikati.

Hatua ya 4: Ifunge. Pangusa vumbi la chuma kwenye kishikio. Chembe moja inatosha kuinua upande. Laza mgongo, egemeza ubavu kwenye kizuizi cha kishikio, kaza skrubu mbili kwa zamu, robo mzunguko kila moja. Ukiikaza moja hadi mwisho kwanza, patasi itageuka na hutaona.

Hatua ya 5: Wino. Paka maka nyeusi kwenye mteremko wa makali, zungusha jiwe kwa mkono, tazama wino umetoka wapi. Ukitoka karibu na ncha, sogeza fito karibu na jiwe. Ukitoka kisiginoni, upande wa mteremko ulio mbali na ncha, isogeze mbali na jiwe. Mimi hutumia digrii 25 kwa patasi za kawaida. Wino ukitoka upande mmoja, rudi hatua ya 4.

Hatua ya 6: Noa. Kwa patasi iliyopinda sana, kwanza iguse jiwe kwa ncha, wima, hadi ncha iwe butu lakini skwea. Unaonekana unaharibu, subiri. Sasa noa mteremko huku ukitazama ule mstari butu unaong'aa. Ukianza kuwa mwembamba kushoto kabla ya kulia, hamisha kidole unachokandamizia patasi kiende kulia. Ukiisha wote kwa pamoja, umefika. Sogeza patasi huku na huku katika upana wote wa jiwe, ila usiruhusu zaidi ya nusu yake itoke nje ya ukingo, la sivyo utachimba kona.

Ukipitisha kidole mgongoni kuelekea nje ya makali, utahisi chuma kimejikunja. Lainisha jiwe kwa kile kibao chake cha kulainishia, upande laini, noa kidogo tena, kisha malizia kwenye gurudumu la ngozi lenye dawa ya kung'arishia. Hapo gurudumu lizunguke likiyaacha makali, kamwe si kuyaelekea, maana yatachana ngozi.

Ukimaliza, mwaga maji. Jiwe likilala ndani yake usiku kucha, upande wa chini hunywa zaidi, na asubuhi mashine inazunguka ikiyumba.