Siku tano Mlima Kenya kupitia msitu wa Chogoria: vile ya kupeleka kundi na kurudi mkiwa bado mnasalimiana

Mtu akisikia Mlima Kenya anawaza kilele cha Lenana tu, ile picha ya kibao cha mita 4,985 umeshika bendera midomo imepasuka, lakini mimi nimeshapeleka makundi kupitia Chogoria mara kadhaa na nakwambia kundi huvunjikia huko chini msituni, siku ya kwanza, saa nane mchana, mvua imeanza, mtu mmoja soksi zimelowa na anaona haya kusema. Kwa hivyo hapa nitakaa sana msituni, kilele nitakipitia mbio.

Kwanza njia ilivyo. Kutoka Nairobi mnapita Thika, Embu, Chuka, mnafika Chogoria. Kutoka mjini hadi geti la hifadhi ni kama kilomita 30, mwanzo ni mashamba ya chai na baadaye ni msitu mtupu, miti mikubwa halafu mianzi, na geti lenyewe liko karibu mita 2,950. Wengi huchukua landrova moja kwa moja hadi getini na siwalaumu. Ila mkitaka kuuonja msitu, gari iwaache nusu ya njia mtembee sehemu ya mianzi. Siku ya pili mnaenda Ziwa Ellis, takriban mita 3,450. Ya tatu mnashukia bondeni Ziwa Michaelson, ya nne mnagonga Lenana na kushuka kambi ya Shipton, ya tano mnatoka geti la Sirimon upande wa Nanyuki. Nendeni Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Aprili na Mei usinijaribu, na Novemba pia matope huwa yanameza buti.

Sasa watu. Kundi langu halipiti 12, na chini ya wanane gharama inauma kila mtu. Usichukue mtu kwa sababu ni binamu yako na anakuapia "mimi niko fiti, hucheza boli kila Jumapili". Kila anayetaka kuja lazima apitie mazoezi na sisi, sio kivyake, kwa sababu hapo unamjua mtu akichoka huwa anakuwaje. Tunaanza msitu wa Karura hapo Nairobi, kilomita 15 hivi na begi mgongoni. Wiki inayofuata Ngong Hills, halafu mlima Longonot tukipanda na kuzunguka ukingo wote wa kreta, na mtihani wa mwisho ni Elephant Hill kule Njabini, ambako kuna mianzi, kuna matope, na kuna ile sehemu watu wameipa jina la kukata tamaa na kweli wanaikata. Ukitoka Elephant Hill unalia, hujatolewa, tunakupatia mwezi mmoja zaidi wa ngazi. Panda ngazi za flati yako na begi la kilo kumi, nusu saa, siku nne kwa wiki, na majirani watazoea tu.

Pesa mnaanzisha mapema. Kila mtu atume dipoziti na ijulikane hairudi, kwa sababu wasapu huwa na watu 20 wenye moto na wiki ya safari wanabaki tisa, na gari lilikodishwa la watu 14. Ada za hifadhi zinalipwa mtandaoni kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, getini hawapokei keshi, kwa hivyo lipeni mkiwa bado mjini penye netiwaki na mchapishe risiti. Bei hubadilika, angalieni wenyewe wiki hiyo. Na mlima hawakuruhusu uingie peke yako, tafuteni waongoza njia na wapagazi wa Chogoria wenyewe, wale wamezaliwa hapo na wanajua tembo alilala wapi jana. Mpagazi usimtwike zaidi ya kilo 18. Mimi hupima mabegi kwa ile mizani ya kuning'iniza ya wauza viazi, mbele ya kila mtu, na hapo ndio utaona mtu akitoa spika na pasi ya nguo. Ndio, pasi. Nimeiona na macho yangu.

Buti. Nenda soko la Gikomba au Toi asubuhi na mapema, utapata buti za mtumba nzuri kuliko zile mpya za elfu kadhaa dukani, lakini usinunue kwa macho. Kunja soli, ikikunjika katikati kama chapati wacha. Bonyeza gundi pembeni na kucha, kwa sababu buti iliyokaa miaka stoo huachia soli siku ya pili na hapo hakuna fundi. Chukua saizi moja juu, vaa na soksi nene, simama kwa mteremko uone kama vidole vinagonga mbele. Halafu zivae wiki nne kabla ya safari, hata ukienda kwa mama mboga. Soksi jozi tano za sufu au nailoni, mbili kati yake haziguswi na mtu mchana, ni za kulala tu, ziko zimefungwa kavu. Jinzi na fulana za pamba baki nazo nyumbani, pamba ikilowa haikauki huko na inakunyonya joto. Hata kwa mianzi, kabla hamjafika juu kokote, mtu anaweza kupigwa na baridi hadi ashindwe kufunga zipu.

Jaketi la mvua la kweli, poncho ya kufunika begi, tochi ya kichwa na betri za ziada, filimbi, slipingi begi ya baridi kali. Vitu vya ndani usivifunge na mifuko ya plastiki, Kenya ilishaipiga marufuku tangu 2017, na chupa za maji za kutupa haziruhusiwi kwa hifadhi tangu Juni 2020, begi likikaguliwa zinabaki hapo. Tumia mifuko ile ya mpira ya kukunja mdomo, na chupa ngumu mbili za lita moja.

Haya, msitu wenyewe. Mpangilio wa kutembea ndio kila kitu. Mbele ni mwongoza njia na renja kama mmepangiwa, na nyuma yake moja kwa moja wanakaa wale wa polepole, sio wale wenye mbio. Wenye mbio wanakaa katikati, watanung'unika, wacha wanung'unike. Nyuma kabisa anakaa mtu mmoja anayeaminika ambaye kazi yake ni kutopita mtu yeyote, na sisi humwita kufuli. Kufuli hapitwi na hapiti. Kila dakika 50 mnasimama kumi, na ukisimama hesabu vichwa kwa sauti, kila mtu na namba yake.

Kwa mianzi usiruhusu nafasi ya zaidi ya hatua kumi kati ya mtu na mtu, kwa sababu hapo ukikata kona mbili humwoni mwenzako na humsikii, mianzi hunyonya sauti. Tulipoteza dada mmoja hivyo. Alikwenda haja, hakuambia mtu, akaingia hatua chache tu pembeni, sisi tukapita, kufuli naye akapita akidhani yuko mbele. Kuhesabu vichwa tukakuta namba saba haijibu. Tulirudi dakika 25 tukipiga filimbi, na tukamkuta amesimama pale pale akilia kimya kimya, karibu naye mavi ya nyati yakitoa mvuke. Tangu siku hiyo sheria ni moja, ukienda haja unaacha begi katikati ya njia, na kufuli hawezi kuvuka begi. Anakaa nalo mpaka mwenyewe arudi. Filimbi nazo tulikubaliana, mlio mmoja ni simameni, tatu ni njooni.

Wanyama. Tembo na nyati wako, na sio hadithi. Kinyesi kikiwa na mvuke au nzi bado hawajakijaza, mnasimama, mnanyamaza, renja ndiye anaamua. Saa zingine mtakaa nusu saa mkingoja tembo wamalize kuvunja mianzi na hutawaona, utasikia tu ile kaa! kaa! kama mtu anavunja milango. Mkikutana ana kwa ana rudini nyuma polepole bila kumpa mgongo na bila kukimbia. Nyati wa peke yake ndiye mbaya zaidi, mwache mbali sana. Mbega watawapigia kelele juu, hao wazuri tu. Kinachouma kila mtu kwa ukweli ni thabai, yale majani yanayowasha, ukishika kwa mkono ukitafuta pa kujishikilia utajua hujui, kwa hivyo glavu za shamba za shilingi mia. Na siafu, kabla ya kupiga hema mulikeni chini mtafute mstari wao, maana wakiingia usiku hamtakuwa na mjadala, mtatoka nje na chupi.

Miguu sasa, kwa sababu nimeshasema hapo ndio kundi huponea au hufia. Kila kituo cha mchana, hata kama mvua inanyesha, kila mtu anavua buti. Kila mtu! Mimi napita nikiangalia visigino kama mwalimu wa zamu anavyokagua kucha. Ukiona pameanza kuwa pekundu na pamoto, hapo ndio unabandika plasta pana, sio baadaye. Kausha kwanza na kitambaa, subiri ngozi ipoe, kata kona za plasta ziwe mviringo ndio zisikunjuke ndani ya soksi, halafu bandika bila kuvuta. Likishakuwa lengelenge lenye maji na ni dogo liache. Kama ni kubwa na linauma kila hatua, choma sindano kwa moto ipoe, toboa pembeni chini, kamua, dawa ya kidonda, bandeji, na usitoe ile ngozi ya juu. Jioni miguu ioshwe, ikaushwe mpaka katikati ya vidole, soksi kavu za kulala. Soksi zilizolowa lala nazo tumboni ndani ya slipingi begi, asubuhi zitakuwa na uvuguvugu angalau. Inanuka, ndio, lakini utashukuru.

Chakula usifanye ushujaa. Maharagwe na githeri mbichi sahau, huko juu kwa mita 4,000 maji yanachemka kwa nyuzi 87 hivi na maharagwe yatakucheka mpaka gesi iishe. Beba yaliyochemshwa nyumbani yakakaushwa, au ndengu, wali, chapati za siku mbili za kwanza, ngwaci (viazi vitamu) zilizochemshwa, njugu, uji mwingi. Maji ya mto chemsheni au mtie dawa, hata kama yanang'aa vipi, tembo anaoga juu yenu.

Kutoka Ellis kwenda juu msitu umeisha na adui anabadilika, sasa ni hewa nyepesi ya huko juu. Kichwa kuuma kidogo, usingizi mbovu, hamu ya chakula kupotea, hizo ni za kawaida lakini mwenye nazo hapandi zaidi mpaka zipungue. Mtu akianza kuongea visivyoeleweka au akishindwa kutembea kwenye mstari kisigino kwa kidole, au anahema akiwa amekaa tu na kukohoa, huyo anashuka saa hiyo hiyo, usiku au mvua, na mtu wa kumsindikiza, hakuna kungoja asubuhi. Kubalianeni haya mkiwa bado Nairobi, tena kila mtu aandike kwa grupu "nikiambiwa nishuke nashuka", kwa sababu juu huko mtu aliyelipa pesa yake na kuomba likizo atabishana mpaka aishiwe pumzi. Nilishabishaniwa na mwanasheria, mita 4,000, akitapika katikati ya hoja.

Siku ya nne mnaamka saa nane usiku, mnakula uji hata kama haushuki, mnapanda hatua ndogo ndogo, kilele ni baridi na upepo, picha mbili, mnashuka Shipton. Ya tano ni kama kilomita 23 za kushuka hadi Sirimon, na hapo magoti ndiyo yanalia, kwa hivyo fimbo mbili na kucha za vidole zikatwe fupi kabla ya safari, la sivyo mbili zitakuwa nyeusi wiki ijayo.

Nanyuki mnakula, wapagazi wanapewa bahshishi yao mkononi kila mmoja kivyake, sio kupitia mtu mmoja, na mweka hazina anasoma hesabu kwa sauti kabla gari halijaanza, kwa sababu mkifika Thika Road kila mtu amelala. Ukifika nyumbani usiwahi kitanda na hema limekunjwa bado bichi. Litandaze kwenye kamba ya nguo juu ya flati usiku huo huo, hata kama ni saa sita, ukungu haungoji Jumatatu, na keyateka, yule mtunza jengo, mwambie mapema asije akadhani kuna mtu amehamia.